Taa za Kulia

Kwanza nilimwambia Bi Nyamizi: globu hazina kosa.
Akanitazama kama mtu aliyeuziwa sato wa juzi.
Impala ya sitini na tatu, usukani kushoto,
imelala kwenye vumbi langu hapa Nyakato,
pua ndani ya geti, mkia kwa jirani muuza mabati,
taa nne zimekodoa, mbili kila upande,
na mwanga wake rangi ya chai ya mgonjwa.

Nikachomeka mita.
Betri: kumi na mbili na nusu.
Kwenye taa: tisa na pointi nane.
"Zilizobaki ziko wapi?"
Njiani, mama. Waya huu mwembamba umebeba mzigo
tangu rangi ya gari ikiwa mbichi;
unazunguka kwenye swichi, unapita kwenye kutu,
na kila kiungo kinakata ushuru wake
kama pamba ya zamani: ikifika mezani
umebaki na risiti.

Basi nikavuta waya mnene, mwekundu, moja kwa moja kutoka betri.
Rilei mbili, fyuzi mbili.
Swichi ya zamani nikaiachia kuamuru tu,
kubeba wabebe wengine.
"Kama mwenyekiti," akasema,
na kwa mara ya kwanza akacheka.

Taa nyeupe za elidii alizikataa. "Hizo za wodini sitaki."
Nikamwambia hata wavua dagaa wametupa karabai,
usiku wa giza maji ya Igombe yanawaka weupe mtupu,
mji mzima unaelea, hauna kodi ya nyumba.
"Wao wanamdanganya dagaa. Mimi namdanganya nani?"
Tukaafikiana: halojeni, kioo cha duara,
sura ileile.

Nilipong'oa taa ya kwanza, ndani ya kikombe chake
nikakuta kiganja kizima cha vile vijidudu vya ziwani
vinavyopanda angani kama moshi wa meli,
vimekauka, vyepesi kuliko majani ya chai.
Ndaki, kijana wangu, akavipuliza.
Nami nikageuza kioo, nikaona mistari yake ilivyochongwa,
nikakaa chini kwenye tairi.

Gari hili lilizaliwa kwa watu wanaopita kulia.
Taa zake zinainamia kulia, kwenye ukingo wao.
Kwetu sisi, tunaopita kushoto,
kulia ndiko anakotokea mwenzako.
Miaka yote hiyo, mama, mumeo alimmulika anayekuja,
usoni kabisa,
na ukingo wake mwenyewe akaubahatisha.

Ndaki akazima redio bila kuambiwa.
"Ndiyo maana," akasema,
"kuanzia Usagara hadi Kisesa walimtukana Lutobeka kwa jina.
Na mimi, nikimpokea barabarani na kanga kichwani,
kila mara nilijiziba macho.
Nilidhani ananitania."
Kisha polepole: "Taa za kulia,"
na sikujua kama anataja upande.

Usiku tukazipima. Ukuta sina;
nina mwamba nyuma ya gereji, mkubwa kama nyumba ya ghorofa.
Nikachora msalaba wa chaki, nikapima hatua kumi,
nikakaza skrubu nusu mzunguko, nusu, robo,
mpaka mwanga ukashuka, ukalala kushoto,
ukatoa kila kitu hadharani: nyufa,
shati la mtu limesahaulika juu ya jiwe,
mjusi aliyeamshwa, anahema.
Kumi na mbili na pointi moja.
Bi Nyamizi alilitazama lile shati muda mrefu
kuliko alivyotazama taa.

Katika taa za zamani alichukua moja, akaifunga kwenye kanga.
Tatu ziko hapa juu ya kabati, bei maelewano.
Akaingia lami kuelekea Buzuruga,
akanipigia fulu mara mbili, akashusha.
Roli la samaki lililokuwa likija
likapishana naye kimya,
halikupiga hata honi.